Mkia Mzito wa Ndege ya Fundi Kanji

Wadogo zangu, nimestaafu. Msicheke. Mtu anaweza kustaafu akiwa na miaka kumi na saba, mradi kazi yenyewe iwe imemchoka. Nimekuwa mrushaji wa ndege, kabla ya hapo nilikuwa mkwangua rangi, na kabla ya hapo tena nilikuwa mtumwa wa kununua hariri. Sasa mtihani wa kidato cha nne unanipumulia kisogoni, na mama yangu amenipa barua ya kuacha kazi kwa kunishika sikio. Kiinua mgongo sikukiona.

Naandika kwa sababu nyinyi wa kidato cha kwanza mnanisimamisha kila siku pale Mtaa wa Sikukuu: "Braza, ile ndege ya vita ilirukaje?" Nikianza kueleza, mnakimbilia juisi ya miwa. Basi kaeni na glasi zenu hapohapo, msome.

La kwanza la kujua ni kwamba injini hairushi ndege. Injini inapiga kelele tu, kama mimi darasani. Kinachorusha ndege ni mizani. Ukimaliza kuiunda, ibebe kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kwenye theluthi ya kwanza ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele. Kisha iache ijisemee yenyewe. Ikiinamisha pua kidogo, kama mtu anayemwamkia mkwe, umepata. Ikiinua pua kama mpangaji aliyenunua televisheni ya rangi, mkia ni mzito, usirushe. Ndege yenye pua nzito itakuchosha, lakini itarudi. Yenye mkia mzito utairudisha wewe, kwa mfuko. Na upime tanki likiwa tupu, kwa sababu tanki linakaa mbele. Mafuta yakiisha huko juu pua inabaki nyepesi, na huko juu hakuna wa kukusaidia kushika.

Hayo alinifundisha Fundi Kanji, na kila neno moja aliniongezea kofi la mkono.

Fundi Kanji ni fundi saa, Mhindi, ana kibanda chini ya nyumba yake Mtaa wa Swahili. Hapo zamani watu walimpangia foleni na saa zao za ukutani. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Kila kitu kikaingia, na saa za plastiki zikaingia za kwanza. Machinga anakuuzia saa kwa bei ya sahani ya chipsi, ikifa unatupa unanunua nyingine. Nani apeleke saa kwa fundi? Mimi mwenyewe nilikwenda kwake kwa sababu tu mama alikuwa bado na saa ya mezani ya kengele, na alikataa katakata kuamshwa na plastiki.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Iweke hapo. Una haraka?"

"Mama ndiye ana haraka."

"Basi kaa, shika hapa." Akaniwekea mkononi kipande cha mbao nyepesi ya msufi. Nikakishika. Nilikishika mwaka mzima.

Kumbe kwenye bati la biskuti chini ya meza yake alikuwa na injini ndogo, ukubwa wa limau, aliyoinunua akiwa kijana kwa baharia mmoja. Injini hiyo ilikaa ndani ya bati zaidi ya miaka ishirini. Wakati ule, alisema, ungeweza kupanga foleni ya sabuni ukakosa, sembuse mafuta ya kuendeshea mdoli. Sasa ruksa hiyohiyo iliyomnyang'anya wateja ikamletea vilivyobaki. Mpwa wake, mmoja wa hawa wanaokwenda Dubai kama sisi tunavyokwenda chooni, akamletea rimoti kamili, na vimota vya kuvuta usukani. Mafuta tulichanganya wenyewe: spiriti na mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo yale yale uliyonyweshwa ukiwa umefunga choo. Injini ikiyanywa inakohoa moshi wenye harufu ambayo tumbo lako linaikumbuka kabla ya pua.

Mwenye neno la mwisho nyumbani hapo alikuwa mkewe, Mama Kusum. Kusum mwenyewe ameolewa Mwanza, kwa hiyo malezi yote yaliyobaki yalimwangukia Fundi. Mama Kusum alizaliwa Kariakoo, na Kiswahili chake kinakata kuliko wembe. Kila mwaka kabla ya Diwali nyumba yao inafagiliwa, inapakwa chokaa, na kila takataka inatoka. Mwaka huo alitoa hukumu mbele yangu mimi shahidi:

"Baba Kusum, miaka ishirini ninapangusa bati hilo. Diwali ikifika na mdudu wako hajaruka, injini, rimoti, mabawa, vyote namwitia mtu wa vyuma chakavu. Nimesema."

"Itaruka."

"Tena ndege ya vita! Nyumba hii hatuui hata sisimizi, wewe unaunda ndege ya vita!"

"Nilipokuwa mdogo niliiona picha yake," Fundi akasema, taratibu, kama mtu anayekiri kwa polisi. "Nzuri sana."

Ndiyo hiyo kesi yetu. Tulikuwa na wiki sita.

Mabawa yanataka kuvikwa kitu chepesi kinachobana. Fundi akanituma Mchikichini nikatafute hariri kwenye mitumba. Nyinyi mnaopenda mitumba kwa ajili ya jinzi, jueni kwamba kuna marobota ya blauzi za mabibi wa Ulaya ambayo hakuna anayeyagusa. Nilizama humo hadi kiunoni. Muuzaji, jamaa mmoja amesimama juu ya meza anapiga kengele, akaniona nainusa blauzi na kuivuta mwangani.

"Unamchukulia mama?"

"Naichukulia ndege."

"Ndege gani?"

"Ya vita."

Akashuka mezani, akanitazama kwa huruma, akaniongezea ya pili bure. Akasema mdogo wake naye alianza hivihivi.

Hariri ilikuwa na maua ya waridi. Ukiibandika, ukaipaka vanishi nyepesi, inabana kama ngozi ya ngoma. Lakini ndege ya kivita yenye waridi haiogopeshi mtu. Nikapewa kazi ya kuipaka rangi ya kijivu. Na hapo ndipo mimi, mwalimu wenu, nilipoharibu.

Sasa niambieni: hapa kwetu, kitu gani kisichoandikwa maneno? Kanga ina maneno. Mkokoteni una maneno. Hata banda la kuku la jirani yangu limeandikwa "Mtoto hakui kwa wifi." Ndege tupu kama sahani ningeirushaje? Fundi alipokwenda kulala mchana, nikachukua rangi ya mafuta, nyekundu, ile nzito ya milangoni, nikaandika ubavuni kuanzia bawani hadi mwisho wa mkia, pande zote mbili: WANAONISEMA WAMEKAA MIMI NAPAA. Mkono mmoja wa rangi haukuonekana vizuri, nikapiga wa pili. Wa tatu niliupiga kwa sababu ya sifa.

Fundi alipoamka aliitazama muda mrefu. "Mwandiko mzuri," akasema, maana macho yake yalikuwa bado na usingizi. Jioni ileile tukaipeleka viwanja vya Jangwani kuijaribu. Kwa haraka ya furaha, hakuna aliyeibeba kwa vidole viwili. Yeye alidhani nimepima mimi. Mimi nilidhani mizani ni kama chanjo, ukishapata mara moja umepata.

Injini ya namna hii unaiwasha kwa kuligonga pangaboi kwa kijiti. Kijiti, siyo kidole. Fundi ana kidole kimoja kifupi kuliko desturi, na anakionyesha kabla ya kila somo. Tulizungushia kijiti kipande cha kandambili, injini ikaamka, ikalia kama mashine ya kusaga yenye mafua. Nikaishika ndege juu ya kichwa. Nikakimbia. Nikairusha.

Mikono yetu watoto wa Dar imefundwa na miembe ya watu. Ukitupiwa neno "rusha", mkono wenyewe unaelekea juu, kutungua embe bolibo. Ndege ilipanda wima kwa heshima zote, ikasimama hewani kidogo kama inafikiri ilichosahau nyumbani, ikakaa kitako, ikaanguka kwa mkia.

Fundi Kanji akavua miwani. "Wewe," akasema, "ulikuwa unarusha ndege au unatungua embe?"

"Fundi, mkono umeteleza."

"Na mkia? Mkia nao umeteleza?" Akaiokota, akaibeba kwa vidole viwili. Pua ikapanda juu, ikatazama mbingu. Akanisogezea usoni herufi zangu nyekundu. Akakwangua kidogo kwa ukucha. Rangi ikatoka gamba nene kama la samaki. "Bwana mdogo, mkia uko mbali na bawa, pua iko karibu. Gramu moja ukiiweka huku nyuma, inadai gramu tatu kule mbele. Umeandika hapa barua ya posa."

Hasara yenyewe haikuwa kubwa, pangaboi moja na ufa puani. Lakini zilibaki wiki mbili, na mimi sikutaka kukwangua usemi wangu. Usiku nikapata akili, na akili zangu ndizo adui yangu mkubwa. Kama mkia mzito, si uongeze uzito puani? Alfajiri nikaenda Feri kwa wavuvi, nikaomba chubwi, ile risasi ya kuzamishia nyavu. Mvuvi akanipa moja kuukuu. Nikaitia mfukoni, nikaja nayo mbio hadi kibandani, nikaifunga puani kwa waya, nikaibeba ndege kwa vidole viwili. Ikakaa sawasawa! Pua ikainama kidogo, kumwamkia mkwe. Nikaanza kucheza.

Wadogo zangu, nyumba ile hawali samaki. Hawali nyama, hawali yai. Na chubwi lile lilikuwa limelala na samaki tangu siku za foleni.

Harufu ilipanda ngazi. Mama Kusum akashuka ngazi.

"Nini kinanuka?"

Fundi akanitazama. Mimi nikaitazama saa ya ukutani, kana kwamba ndiyo inayonuka.

"Nini. Kinanuka."

"Chubwi, mama," nikasema. "La mizani."

"La nini?"

"La... wavuvi."

Alitutoa sote watatu: mimi, mumewe na ndege. Tulisimama barabarani kwenye msongamano wa mikokoteni huku yeye juu dirishani anamwaga ndoo ya maji yenye limau ndani ya kibanda. Mbeba mizigo mmoja akapunguza mwendo, akauliza, "Mzee, mmefukuzwa?" Fundi akajibu, "Tunapunga upepo."

Halafu sauti ikatoka dirishani: "Baba Kusum! Nimeghairi. Sisubiri Diwali. Nafanya usafi Jumatatu. Jumapili nitakuja huko Jangwani kwa macho yangu. Isiporuka, mtu wa vyuma anakuja asubuhi na gunia."

Ilikuwa Ijumaa.

Nilimtazama Fundi. Sikuwahi kumwona amesimama nje ya kibanda chake mchana, alionekana mfupi. Alikuwa ameishika ndege kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa homa. "Chubwi hata lisingenuka nisingelikubali," akaniambia. "Ukiongeza risasi puani, ndege inazidi kuwa nzito, inataka mwendo mkubwa, inaanguka vibaya zaidi. Kosa la mkiani linatolewa mkiani. Umeleta msasa?"

Nilikwangua Ijumaa na Jumamosi yote. Fundi alikaa mbele yangu anaipima kila baada ya herufi chache. Jueni kwamba herufi ya mwisho kabisa mkiani ndiyo nzito kuliko zote, hata iwe nyembamba, kwa sababu iko mbali. Kwa hiyo tulianzia huko nyuma, tukawa tunakuja mbele.

"Toa A."

"Fundi, bila A haisomeki."

"Inataka kusomeka au inataka kuruka? Toa A. Toa na P."

Roho iliniuma, sisemi uongo. Lakini jioni ya Jumamosi aliiweka kwenye vidole viwili, tanki tupu. Ikatikisika. Ikatulia. Pua ikainama unene wa kucha. Fundi akafumba macho huku ameibeba bado, kwa muda mrefu, hata nikadhani amelala. Sikumwamsha.

Kitu ambacho sikukifikiria ni hiki. Ubavu wa kushoto maneno yanaanzia bawani yanakwenda mkiani. Ubavu wa kulia yanaanzia mkiani yanakuja bawani, maana Kiswahili hakisomwi kinyumenyume. Ukikwangua upande wa mkia, kushoto unapoteza mwisho, kulia unapoteza mwanzo, na kulia tulikwangua zaidi kwa sababu rangi yake ilikuwa nene zaidi. Jumapili asubuhi pale Jangwani, Mama Kusum akaja na mwavuli, akasimama upande wa kushoto. Akasoma kwa sauti:

"Wanaonisema wamekaa."

Akashusha mwavuli.

"Nani amekaa? Baba Kusum, mimi nimekaa? Nimesimama tangu saa kumi na moja!"

"Siyo wewe. Ni mtoto ndiye..."

"Mtoto ananisema mimi?"

"Mama, zunguka huku," nikasema kwa haraka, "huku imeandikwa vingine." Akazunguka. Akasoma: "Mimi napaa." Akatikisa kichwa polepole. "Aha. Kwa hiyo yeye anapaa, mimi nimekaa."

Mnajua jinsi mwanamke wa Kariakoo anavyosoma kanga ya jirani. Hakuna maelezo yanayosaidia. Fundi akaanza kuiwasha injini ili asisikie.

Upepo ulikuwa unatoka baharini. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kazi. Unaupa upepo uso, siyo kisogo. Unaishika ndege chini ya mabawa, mbele kidogo ya katikati, usawa wa kichwa. Unakimbia hatua tano za kweli, siyo za gwaride. Na hairushwi: inasukumwa, mbele, bapa, kama unapitisha sahani ya pilau iliyojaa juu ya vichwa vya watu shughulini. Wakati wa kuiachia utaujua, kwa sababu inaacha kuwa nzito. Inakuwa kana kwamba imeshakwenda na wewe ndiye umeng'ang'ania.

Fundi alikuwa na rimoti. "Bwana mdogo," akasema, "leo hakuna embe."

Nikakimbia. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikaachia.

Ilishuka kidogo, roho yangu ikashuka nayo hadi kwenye nyasi, halafu ikanyanyuka. Hivyohivyo. Ikapita juu ya vichwa vya vijana waliokuwa wanacheza mpira, moshi wa nyonyo nyuma, ikazunguka kuelekea bondeni, ikawa ndogo, ikageuka, ikawa inarudi. Nilipiga kelele ambazo sitaziandika. Fundi alikuwa ameacha mdomo wazi.

Shida ilianza iliporudi. Ndege ikikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako. Ikikujia uso kwa uso, kila kitu kinageuka: ukitaka iende huku, unavuta kule. Fundi alilijua hilo kwenye karatasi. Kwenye vidole hakulijua. Ndege ilikuwa inatujia, yeye anavuta, inazidi kulalia upande wa nguzo ya umeme.

"Kushoto kwake!" Mama Kusum akapaza sauti, mwavuli juu. "Kwake, Baba Kusum, siyo kwako! Miaka thelathini na mbili nakwambia hivyohivyo kwenye gari!"

Fundi akavuta. Nguzo ikapona.

"Sasa nyoosha! Nyoosha, usipapase! Sasa kulia kwake, taratibu, taratibu, kuna watu!"

Mzunguko wa pili aliuongoza yeye kwa mdomo, na Fundi kwa vidole, na walikwenda vizuri hivi kwamba mimi mrushaji nilijiona mgeni. Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza. Mafuta yamekwisha. Hata wacheza mpira wakasimama, mmoja mguu juu ya mpira. Pua haikupanda. Ilikuja inateleza tu, bila sauti, ikishuka ngazi zisizoonekana, ikavuka mstari wa kati, ikampita beki, golikipa akaiona, akakimbia nje ya goli mikono kichwani, nayo ikaingia katikati ya milingoti na kukaa kwenye matope nyuma yake.

"Gooo!" wakapiga kelele upande mmoja. Upande wa pili wakagoma. Refa, mtu wa haki, akapuliza filimbi akasema ni ofsaidi.

Tulifika golini tunahema. Pangaboi limevunjika, bawa moja lina ufa, na pale kijivu kilipobanduka waridi la bibi wa Ulaya limechungulia. Fundi Kanji hakuiokota. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, akimsubiri mkewe kama mshtakiwa anavyomsubiri hakimu atoke ofisini. Mama Kusum alikuja polepole, akipandisha sari isiguse matope. Akaizunguka ndege yote. Akaligusa waridi kwa ncha ya mwavuli.

"Imeruka," akasema.

"Imeruka," Fundi akasema, kwa sauti ndogo.

"Haya. Mtu wa vyuma chakavu asije." Akafunga mwavuli. Akatutazama sote wawili, tulivyojaa matope na nyonyo. "Lakini vita basi. Inayofuata iwe ya abiria. Na nataka madirisha."

Fundi Kanji alikuwa ameshachutama, anachora kwa kile kidole kifupi kwenye matope, dirisha la kwanza, la pili, la tatu, na mkewe akainama juu yake kumwambia ni machache.